Sura ya Saba: Njoo Pembeni

Nelson Mandela alipotoka Afrika Kusini kwa siri, Januari 1962, hakuwa na pasipoti. Alitua Mbeya, akafika Dar es Salaam na kuonana na Mwalimu Nyerere. Serikali ya Tanganyika, ambayo uhuru wake ulikuwa haujatimiza hata miezi miwili, ikamwandikia karatasi ya kumtambulisha na kumruhusu kutoka na kurudi. Kwa karatasi hiyo aliizunguka Afrika na kufika hadi London. Miaka 46 baadaye, akiwa ameshakuwa rais, amestaafu na ana Tuzo ya Nobel, bado alihitaji kibali maalumu kuingia Marekani, kwa kuwa kompyuta za huko zilimhesabu kuwa mwanachama wa kundi la kigaidi. Kundi lenyewe lilikuwa ANC, chama chake cha ukombozi. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria ya kulifuta jambo hilo, na Rais George W. Bush akaisaini Julai 2008, mzee akiwa anakaribia kutimiza miaka 90.

Kisa cha Mandela kinaonyesha jinsi upekuzi wa viwanja vya ndege unavyoanza. Afisa anayekuambia "njoo pembeni" mara nyingi si yeye aliyekuchagua. Ulishachaguliwa siku kadhaa kabla, na karatasi na kompyuta ambazo hazijawahi kukuona. Sura hii inaeleza uchaguzi huo unafanyikaje, kwa nini huwaangukia watu wa aina fulani, na kama kweli unawanasa wabaya.

Faili lako hutangulia

Mtu wa huku kwetu Mtwara, awe wa Ziwani, Msimbati au Mikindani, anayekwenda ng'ambo huanza safari kwa ndege ya Mtwara kwenda Dar es Salaam, au kwa basi la usiku kama fedha hairuhusu. Huku nyuma, taarifa zake zimeshaanza kusafiri. Ukikata tiketi, shirika la ndege huhifadhi jina lako, siku uliyokata, wakala aliyekukatia, namna ulivyolipa, namba ya simu, unaosafiri nao, mizigo na njia yote utakayopita. Ukifika kaunta, huongezwa taarifa za pasipoti. Tangu Desemba 2017, Azimio namba 2396 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linazitaka nchi zote wanachama kukusanya na kuchambua taarifa za aina hii kabla abiria hajatua.

Kompyuta huzipitisha taarifa hizo kwenye vigezo. Tiketi ya kwenda bila kurudi ni alama. Tiketi iliyolipiwa taslimu ni alama. Iliyokatwa jana kwa safari ya kesho ni alama. Safari ya siku nne kwenda mji wa mbali na begi dogo ni alama, na njia inayozunguka bila sababu ya wazi ni alama nyingine. Hakuna hata moja ambayo ni kosa, lakini zikijumlishwa jina lako hupanda juu. Kwa safari za kwenda Marekani matokeo yake unaweza kuyaona kwa macho: pasi yako ya kupandia ndege huchapishwa herufi S nne, SSSS. Mwenye herufi hizo atapekuliwa mwili na mizigo hata kama mashine zote zimekaa kimya.

Sasa mwangalie mfanyabiashara mdogo wa kwetu anayefuata mzigo Guangzhou au Dubai. Analipa taslimu kwa sababu ndivyo biashara yake inavyokwenda. Anakata tiketi dakika za mwisho kwa sababu anasubiri fedha za korosho au za wadeni. Anakaa siku chache kwa sababu hoteli ni gharama. Anaondoka na begi jepesi kwa sababu mzigo atarudi nao. Kwa mujibu wa vigezo vile, anafanana mno na punda wa unga, yaani mbebaji wa dawa za kulevya.

Jina linapogeuka namba

Hatua inayofuata ni kulinganisha jina lako na orodha za watu wanaotafutwa. Tatizo ni kwamba majina huandikwa kwa namna nyingi, hivyo kompyuta lazima ikubali yanayokaribiana. Njia kongwe ya kufanya hivyo, iitwayo Soundex, ilipata hataza Marekani mwaka 1918. Kanuni yake ni nyepesi: hifadhi herufi ya kwanza, tupa irabu pamoja na h, w na y, kisha geuza konsonanti zilizobaki kuwa namba, na zinazofuatana zenye namba moja zihesabu mara moja. M na N ni 5, D na T ni 3, S na K ni 2. Zisipofika namba tatu, jazia sifuri.

Tujaribu kwa majina ya kwetu. Mohamedi inakuwa M530. Mohammed, M530. Muhammad, M530. Mahmoud, ambalo ni jina jingine kabisa, nalo ni M530. Saidi ni S300, na Sudi ni S300, na Soud ni S300, na hata Saada, ambaye ni mwanamke, ni S300. Watu wanne wasiojuana wameshakuwa mtu mmoja. Upande wa pili, Hamisi wa Mtwara ni H520 na Khamis wa Unguja ni K520, kwa hiyo mtu yuleyule akibadili tahajia anakuwa watu wawili. Mifumo ya leo ni ya kisasa zaidi, lakini mvutano ni uleule: ukilegeza kanuni unawakamata wasiohusika, ukiikaza anakupita unayemtafuta.

Pwani yetu ina balaa lake la ziada. Majina yetu ni mlolongo wa mtu, baba na babu, wala si lazima pawe na jina la ukoo, ilhali fomu za ng'ambo zinadai jina la ukoo. Kwa hiyo jina la babu hugeuzwa ukoo kwenye pasipoti, la baba likawa ukoo kwenye viza, na wakala wa tiketi akaruka moja. Cheti cha kuzaliwa kina Mohamedi, cheti cha shule kina Mohamed. Wazee wasioijua siku yao ya kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari, na wapo wengi duniani walioandikiwa hivyohivyo. Jina la kawaida likikutana na tarehe ya kubuni, kinachobaki cha kukutofautisha na mtu mwingine ni kidogo sana.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya akina Saidi peke yao. Mwaka 2004 Seneta Edward Kennedy alisimamishwa mara kadhaa katika viwanja vya Marekani kwa sababu orodha ilikuwa na mtu aliyejiita T. Kennedy. Naye, akiwa seneta, alichukua wiki kadhaa kulisafisha jina lake.

Pasipoti na sifa za nchi

Orodha nyingine hazina majina kabisa, zina nchi. Kijana wa Nigeria alipojaribu kulipua ndege iliyokuwa inakaribia Detroit siku ya Krismasi 2009, Marekani ilitangaza Januari iliyofuata kwamba abiria kutoka nchi 14, zikiwamo Somalia, Sudan na Nigeria, wote watapekuliwa zaidi. Agizo hilo lilibadilishwa baada ya miezi mitatu. Hata hivyo, kivuli cha nchi hakifutiki kwa tangazo. Mwanariadha Mo Farah, mzaliwa wa Somalia na raia wa Uingereza, alieleza kwamba alizuiwa Portland, Marekani, baada ya Olimpiki ya London ya 2012, na kwamba alilazimika kutoa medali zake za dhahabu kuthibitisha yeye ni nani.

Tanzania haikuwamo katika orodha ya 2010, lakini pasipoti yetu ina historia mbili zinazosafiri nayo. Ya kwanza ni tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 200. Miongoni mwa waliohukumiwa New York kwa mashambulizi hayo walikuwamo Watanzania wawili. Ya pili ni unga. Heroini inayotoka Afghanistan hushuka baharini kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, na sehemu yake huendelea kwa ndege matumboni mwa vijana waliomeza kete. Watanzania wamefungwa Hong Kong na China bara kwa kazi hiyo, na kasisi wa magereza ya Hong Kong, John Wotherspoon, alizichapisha barua za wafungwa hao ili ziwaonye wenzao waliobaki nyumbani. Anayeshukiwa kumeza huwekwa chini ya uangalizi, tumbo likapigwa eksirei, na wakati mwingine husubiriwa mpaka aende haja mbele ya mlinzi. Asiye na kosa akipitia hayo hupoteza ndege na heshima, na aghalabu huondoka bila hata kuambiwa pole.

Mashine nayo ina upendeleo

Mashine inadhaniwa haina ubaguzi. Kifaa cha kuchunguza mwili kinachotumia mawimbi hulinganisha umbo lako na umbo linalotarajiwa. Nywele zilizosukwa kwa wingi, kilemba au mtandio uliokunjwa mara mbili huonekana kuwa kitu kisichoeleweka, na kengele hulia. Ndiyo maana wanawake weusi hulalamika kupapaswa vichwa. Kitambaa kinachopanguswa viganjani nacho hutafuta chembe za kemikali za milipuko, na baadhi ya hizo zimo katika mbolea ya chumvichumvi na dawa ya moyo, huku gliserini ya losheni ikiweza kuichanganya mashine. Aliyeshika mfuko wa mbolea asubuhi ya safari anaweza kuonekana ameshika baruti.

Hesabu ya kokoro

Je, upekuzi wa namna hii unafanya kazi? Tuseme abiria 1,000,000 wanapita, na 10 kati yao ni wabaya kweli. Tuseme tuna chombo bora kinachopatia mara 99 kwa 100. Kitawanasa karibu wote 10, lakini kitawanasa pia wema 10,000 hivi. Kwa kila watu 1,000 watakaowekwa pembeni, mbaya ni mmoja. Ni hesabu ya kokoro: ukilivuta, changu mmoja hupanda na dagaa wasiohesabika. Chanzo si uzembe wa mashine. Wabaya ni wachache mno, na kosa dogo likizidishwa kwa umati wa watu wema huzaa kundi kubwa la wanaoonewa.

Wanaotetea uchaguzi kwa sura na nchi hujibu kwamba tupekue zaidi pale penye hatari zaidi. Kuna ushahidi wa kuwajibu. Mwaka 2000 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza upekuzi wa forodha viwanjani na kukuta kwamba, kati ya abiria waliopekuliwa, wanawake weusi raia wa Marekani walikuwa na uwezekano mara 9 zaidi ya wanawake weupe wa kupigwa eksirei. Lakini waliokutwa na magendo miongoni mwao walikuwa chini ya nusu ya kiwango cha wale weupe. Forodha ilipobadili utaratibu, ikaacha kuangalia mtu ni nani ikaangalia anafanya nini, na kumtaka afisa apate idhini ya mkubwa wake, upekuzi ulipungua kwa takribani robo tatu huku sehemu ya waliokutwa na kitu ikizidi maradufu.

Mwaka 2009 mwanasayansi William Press wa Chuo Kikuu cha Texas aliipa hoja hiyo hesabu. Kama watu wa kundi fulani wana uwezekano mara 9 zaidi wa kuwa na hatia, akili ya haraka inasema wapekuliwe mara 9 zaidi. Press alionyesha kuwa kufanya hivyo hakuna faida kuliko kuchagua watu kwa bahati nasibu, kwa sababu unarudia kuwapekua walewale ambao ulishawakuta hawana kitu. Kiwango bora ni kipeuo cha pili, yaani mara 3.

Mpekuzi akiwa ni sisi

Msomaji wa Mtwara asijione yuko upande wa wanaopekuliwa tu. Tangu mashambulizi yaanze Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017, mto Ruvuma ulio mpakani umekuwa mstari wa shaka. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaua watu na kuchoma nyumba kijijini Kitaya. Hofu ilikuwa ya haki. Lakini Wamakonde wako kingo zote mbili, ndoa na mashamba vimevuka mto vizazi na vizazi, na kijana asiye na kitambulisho anayezungumza Kimwani, au Kiswahili cha Palma, amekuwa wa kwanza kushushwa kwenye gari. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliokimbilia kwetu walirudishwa kupitia mpaka wa Negomano. Lafudhi ilifanya kazi ileile inayofanywa na pasipoti kule ng'ambo.

Mambo ya kushika

Kwa msafiri, hatua yenye faida kubwa hufanyika nyumbani: jina liwe moja, kwa mpangilio na tahajia ileile, kwenye pasipoti, viza, tiketi na kadi ya benki. Beba tiketi ya kurudi, anwani ya unakofikia na simu ya mwenyeji, na kama unafuata mzigo, chukua leseni ya biashara na ankara za safari zilizopita. Kwa Marekani, anayesimamishwa mara kwa mara anaweza kuomba namba ya marekebisho kutoka Wizara ya Usalama wa Ndani, utaratibu uliopo tangu 2007, kisha akaijaza kila anapokata tiketi. Uingereza, sheria ya ugaidi ya mwaka 2000 inamruhusu afisa wa bandarini au uwanjani kukuhoji hadi saa 6 bila kukushuku lolote, na kukataa kujibu ni kosa, hivyo jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Katika viwanja vingi una haki ya kupekuliwa na mtu wa jinsia yako, na kuomba chumba cha faragha si ukaidi.

Kwa raia, kuna swali moja la kuuliza taasisi yoyote inayopekua watu, iwe kule ng'ambo au kwenye kizuizi cha mpakani Kilambo: mwaka jana mliwaweka pembeni wangapi, wa aina gani, na mkawakuta na kitu wangapi? Forodha ya Marekani ilibadilika baada ya namba hizo kuhesabiwa na kuwekwa hadharani. Pasipo namba hizo, mpekuzi hubaki akiamini kwamba jicho lake halikosei, na hakuna anayeweza kumwonyesha vinginevyo.