Reli Isiyofika Muhuru

Anayekwenda Muhuru Bay na kamera yake akitafuta reli hataiona. Mji huo mdogo umeketi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukitoka mji wa Migori utapitia Macalder, palipokuwa na machimbo ya dhahabu na shaba zama za ukoloni, na mwisho wa njia ni maji. Hata hivyo sisi tunauhesabu miongoni mwa miji ya reli, na sababu ni hayo maji yenyewe.

Reli iliyoanza kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu, ambayo siku hizo ikiitwa Port Florence, mwishoni mwa mwaka 1901. Haikuishia pale, kwani ilikuwa na meli zake. Meli ya kwanza, William Mackinnon, ilishushwa ziwani mwaka 1900, kabla garimoshi halijawasili. Vipande vyake vilipandishwa bara kutoka Mombasa, vingi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Baadaye gati za Kendu Bay na Homa Bay zikawa kama stesheni zisizo na mataruma, ambapo mzigo uliopakiwa ulianza safari ya kuja Kilindini. Muhuru iko mbele zaidi, katika njia ya maji iendayo Musoma na Mwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ziligawanywa, na gati nyingi ndogo zikapoa.

Watu wetu walikwenda na reli hiyo. Wapo wasomaji ambao babu zao walikuwa makuli, mabaharia wa ziwani au wachuuzi wa nguo, na wengine hawakurudi. Msikiti mkongwe wa Kendu Bay ni mmoja wa ushahidi wao. Picha je? Katika nyumba nyingi tulizoziingia hakuna hata moja.

Na picha ina kazi kuliko kutazamwa. Mwezi wa Februari 2021 ndugu zetu Wanubi wa Kibos, jirani na Kisumu, walibomolewa nyumba zao kando ya reli wakati njia ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu ikifufuliwa. Walikuwa wameishi pale vizazi kadhaa. Siku kama hiyo, mama mwenye picha ya ukuta wake, yenye tarehe nyuma, ana neno la kusema ambalo asiye nayo hulisema kwa machozi tu.

Baadhi ya akina mama hutuuliza kama kupiga picha kunafaa. Wanachuoni wamekhitalifiana, na wapo wanaojizuia, hatuwalaumu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kuwa kamera haiumbi kitu bali huzuia kivuli kilichoumbwa na Mola. Kabla yake Muhammad Sadiq Bey, afisa wa jeshi la Misri, alikwisha kuipiga picha Madina mwaka 1861. Kwa gati, stesheni na mabehewa yaliyoota kutu, sisi hatuoni ugumu wowote.

Ugumu uko kwa watu. Ufukweni Muhuru wanawake huanika omena juu ya nyavu, jua likiwa kali, kanga imefungwa kiunoni. Kijana wa mjini huiona hiyo kuwa picha nzuri, akabonyeza, akaondoka. Huyo hakumwamkia mtu! Mama yule ana mume, ana wana, na ana haki ya kukataa kama alivyo nayo dada yako Lamu. Muamkie kwanza, umwambie unachotaka na picha itakwenda wapi. Akikataa, geuza kamera kwenye mashua. Polisi wa mpakani nao waombwe ruhusa mapema, kwani wavukao kwenda Migingo huanzia hapo, na askari huwa macho.

Wanaosafiri likizo hii kuwatembelea jamaa wa Kisumu au Kendu Bay wachukue pia daftari. Wamuulize mzee jina la kila aliyemo pichani, na nyuma ya karatasi waandike kwa penseli, si kwa kalamu ya wino ambayo hupenya: jina, mahali, mwaka, na upande ambao ziwa lilikuwako.