Kusi ya 1915 Imeandikwa, Yetu Je?

Barazani petu hapa Ziwa la Ng'ombe kuna ubishi usiokwisha. Kila mvua ya mwaka ikichelewa, au ikaja yote kwa siku mbili na kututia majini, wazee huanza: zamani kusi ilikuwa na adabu, ilikuja kwa siku zake. Vijana hucheka. Juzi baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja wa bodaboda alimuuliza mzee wetu swali lililonyamazisha kila mtu: "Sasa babu, wewe ulikuwa ukiandika?"

Babu hakuwa akiandika. Lakini wako waliokuwa wakiandika, tena katika bahari hii hii yetu, na maandishi yao leo yanafanya kazi ambayo wao wenyewe hawakuiota.

Ukienda Ngomeni, Fort Jesus, utaona mizinga ya vita vya kwanza vya dunia. Mmoja ulitoka kwenye meli ya Kijerumani, Königsberg, mwengine kwenye meli ya Kiingereza, Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri, Königsberg iliikuta Pegasus bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Kisha Mjerumani akajificha ndani ya mikono ya mto Rufiji. Meli za Kiingereza zikakaa nje zikimngoja zaidi ya miezi minane, mpaka akamalizwa tarehe 11 Julai 1915.

Hiyo ndiyo historia tunayosomeshwa. Isiyosomeshwa ni kwamba katika miezi yote hiyo, kila baada ya saa nne, usiku na mchana, baharia wa zamu kwenye meli ya kivita ya Kiingereza alikuwa na wajibu wa kuandika hali ya hewa katika daftari la meli. Upepo unatoka wapi. Una nguvu gani. Barometa inasomaje. Joto la hewa na joto la maji. Vita au si vita, daftari lazima lijazwe. Kwa hivyo kaskazi iliyovuma baina ya Mafia na Rufiji mwaka ule, tanga mbili iliyofuata, na kusi ilivyoingia, vyote viliandikwa kwa wino na watu ambao hawakujua hata kuwa pepo hizo zina majina.

Nguvu ya upepo waliiandika kwa namba, kutoka 0 mpaka 12. Namba hizo zilipangwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Francis Beaufort, na mwaka 1838 jeshi la majini la Uingereza likazifanya sheria. Sufuri ni bahari shwari kama kioo, kumi na mbili ni tufani. Mwanzo alizieleza kwa matanga: upepo wa namba hii meli hubeba matanga yote, wa namba ile hupunguza. Nahodha yeyote wa jahazi angemwelewa bila mkalimani.

Baada ya vita madaftari yakawekwa kabatini. Leo yamo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London. Ni marundo na marundo ya karatasi, na mtaalamu wa hali ya hewa hawezi kutia karatasi ndani ya kompyuta. Kompyuta nayo ilishindwa kusoma hati ya mkono ya baharia anayeandika saa nane za usiku huku meli inayumba. Oktoba 2010 ukaanzishwa mradi uitwao Old Weather. Kurasa zilipigwa picha, zikawekwa kwenye intaneti, na watu wa kawaida wakaombwa wasome na kuandika namba wanazoziona. Mwalimu mstaafu, mwanafunzi, mama aliye nyumbani, yeyote. Kila ukurasa ulisomwa na zaidi ya mtu mmoja ili makosa yajulikane. Katika awamu ya kwanza, ya meli za Uingereza za miaka ya vita ile na iliyofuata, walitoa yapata vipimo milioni 1.6. Bila malipo.

Namba zenyewe hazichukuliwi hivi hivi. Mfano ni joto la maji. Zamani baharia alitupa ndoo baharini, akaivuta, akatia kipimajoto ndani. Ndoo nyingi zilikuwa za turubai. Sasa, sisi tuliokua na mtungi nyumbani hatuhitaji profesa wa kutueleza kilichotokea. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu mtungi hutoka jasho na upepo hulikausha. Ndoo ya turubai ni hivyo hivyo: mpaka baharia asome kipimo, maji yameshapoa kidogo. Baadaye meli zikaanza kupima maji yanayoingizwa kupoza injini, na huko chini kuna joto, kipimo kikapanda. Mabadiliko hayo yalishika kasi wakati wa vita vya pili. Asiyejua atadhani bahari iliruka joto ghafula, kumbe ni ndoo. Upande wetu wa Bahari ya Hindi umepata joto kwa kiasi cha digrii moja hivi katika karne moja, basi sehemu ya digrii inayopotea kwenye ndoo si jambo dogo. Wako watafiti waliotumia miaka mingi ya maisha yao kwa habari ya ndoo tu.

Barometa ndiyo yenye siri kubwa zaidi. Upepo hutoka mahali penye mgandamizo mkubwa wa hewa kwenda penye mdogo, na mzunguko wa dunia huupinda njiani. Ukijua barometa ilisoma nini siku moja kwa meli iliyo Kilindini, na nyengine Aden, na nyengine Bombay, kompyuta inaweza kuchora upepo na mvua ya katikati, hata pale ambapo hapakuwa na mtu. Hivyo ndivyo ilivyojengwa upya picha ya hali ya hewa ya dunia nzima, siku baada ya siku, kurudi nyuma zaidi ya miaka mia. Kila daftari jipya linalosomwa, picha inakaa sawa zaidi.

Yatuhusu nini sisi wa Ziwa la Ng'ombe? Yatuhusu mitaroni. Mvua za vuli za 1961, za 1997 na za 2019 zilizovunja rekodi zina uhusiano mmoja: bahari ya upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Sumatra ilikuwa baridi. Wanasayansi walilipa jambo hilo jina mwaka 1999 tu. Lakini limekuwa likitokea kila baada ya muda gani? Linazidi, au ndivyo lilivyokuwa tangu enzi za mababu? Huwezi kujibu kwa rekodi ya miaka sitini. Injinia anayechora mtaro wa kuhimili mvua ya mara moja kwa miaka mia anahitaji kujua mia hiyo ilikuwaje, la sivyo anabahatisha, na anayelala juu ya meza usiku wa mafuriko si yeye.

Pana dosari katika hazina hii, tena inatugusa. Madaftari yanaeleza zilikopita meli za wenye madaftari. Kuna mradi mwengine, CLIWOC, uliosoma madaftari ya Waingereza, Waholanzi, Wahispania na Wafaransa ya 1750 mpaka 1850. Ilibidi hata watengeneze kamusi ya maneno ya upepo ya mabaharia wa lugha hizo ili yageuzwe namba. Lakini meli hizo nyingi zilikuwa njiani kwenda India na visiwa vya mashariki. Pwani yetu zilipita kwa nadra. Alikuja Kapteni Owen na meli yake Leven, akatia mguu Mombasa mwaka 1824 kwa kuitwa na Wamazrui. Ndiyo asili ya Leven House kule Mji wa Kale, na Port Reitz ya Changamwe imepewa jina la Luteni Reitz, afisa wake aliyefariki hapa mwaka huo huo. Kufika 1826 Waingereza walikuwa wameshaondoka. Mpaka 1872, zilipoanza meli za barua za kila mwezi kuja Unguja, mapengo ni makubwa.

Na katika mapengo hayo bahari haikuwa tupu! Majahazi na mabaghala yalikuwa yakija kila kaskazi na kurudi kila kusi. Vasco da Gama mwenyewe, alipopewa rubani Malindi mwezi wa Aprili 1498, alifika Calicut chini ya mwezi mmoja. Aliporudi hakungoja kaskazi, akatoka India mapema Oktoba. Karibu miezi mitatu baharini, mabaharia wakifa kwa ugonjwa. Hayo twayajua kwa sababu mtu mmoja safarini aliweka kumbukumbu. Elimu ya kujua siku ya kutweka ilikuwa kwa watu wa bahari hii, kalamu ilikuwa kwa mgeni.

Lakini si kweli kwamba watu wetu hawakuandika kabisa. Manahodha wa Kuwait waliokuwa wakija Mombasa, Lamu na Unguja waliweka madaftari waliyoyaita ruznama, na baadhi ya familia zao ziliyatoa yakapigwa chapa huko kwao. Huku kwetu najiuliza ni masanduku mangapi yamekaa uvunguni yakiwa na karatasi za babu ambazo wajukuu hawazisomi kwa sababu ni hati za Kiarabu.

Nasema hivi kwa sababu ya jirani. Baada ya ubishi wa barazani, ajuza mmoja wa mtaani alinituma mjukuu wake: marehemu mumewe alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo, na daftari lake lipo. Nikenda. Ni daftari la shule la jalada gumu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, safari za miaka ya sitini. Tarehe za mwezi wa Kiislamu, mzigo, nauli, na karibu kila safari neno moja au mawili: kaskazi kali; shwari; matlai; tumelala Kilifi kwa upepo. Nusu ya pili imeshikana kama mkate uliolowa. Maji yaliingia ndani mafuriko ya mwisho, na kijana wa nyumba alikuwa ameshalitia kwenye gunia la taka, bibi akalitoa.

Hakuna barometa humo, na watafiti watataka kujua mengi kabla ya kulikubali. Hata hivyo mtu aliyelala Kilifi kwa upepo tarehe fulani ni shahidi. Nilimwambia mjukuu asizibandue kwa nguvu zile kurasa zilizoshikana, asitie selotepu, aziache zikauke kivulini, na zilizo nzima azipige picha kwa simu, moja moja, mchana, bila fleshi, na jina la babu na la jahazi ayaandike pembeni. Kufika jana alikuwa amefika ukurasa wa thelathini na mbili. Bibi anakaa karibu yake akimsomea, maana kijana hati ile haijui.