Mtoto Anataka Kwenda Jeshi: Kikundi Kifanye Nini?

Siku moja niliketi na kikundi cha akina mama upande wa Nyakach, chini ya mti wao wa mikutano, tukikagua daftari la mikopo. Mambo yalikuwa safi mpaka tukafika ukurasa mmoja ulioandikwa "mkopo wa jeshi". Kiasi kilichokuwa hapo kilikuwa kikubwa kuliko mkopo mwingine wowote waliowahi kutoa. Nikauliza, "Mama mweka hazina, hii ni biashara gani?" Akanyamaza. Mwenyekiti ndiye aliyejibu: "Dada, hiyo ilikuwa ya kumpeleka kijana."

Kijana mwenyewe ni mtoto wa mmoja wao. Alikuwa amejaribu uwanjani akarudishwa. Kisha akaja mtu aliyevaa vizuri, akasema bado kuna nafasi chache zilizobaki, za mheshimiwa. Ng'ombe akauzwa, pesa ya kikundi ikaongezwa juu. Barua ikaja na muhuri wake. Kijana akanyolewa, akaombewa, akasindikizwa mpaka stendi ya magari ya Eldoret. Kule langoni askari waliitazama ile barua wakamwambia haikutoka kwao. Usiku huo alilala kituo cha polisi akijibu maswali. Yule mtu simu yake haishiki mpaka leo, na tangu hapo kikundi hakijatoa mkopo tena.

Sikuandika haya ili kuwaaibisha. Naandika kwa sababu vikundi vingi vya kando ya ziwa, kutoka Seme mpaka Nyando, huniuliza swali lile lile kila mara usajili wa KDF unapotangazwa: ni nani hutoa nafasi?

Hakuna nafasi za mheshimiwa. Mbunge hana, seneta hana, MCA hana, chifu hana. Nadhani wazo hili lilitiwa nguvu na hadithi za ndugu zetu walioko Marekani. Huko ni kweli kabisa: kijana anayetaka kusomea uafisa katika chuo cha West Point lazima apate uteuzi, na wengi huupata kwa mbunge au seneta wa kwao. Sheria yao humpa kila mmoja wa hao haki ya kuwa na vijana watano chuoni kwa wakati mmoja. Ni jambo la wazi, limeandikwa, na kijana huomba kwa barua bila kununua. Kwetu Kenya sheria haikuleta kitu kama hicho. Katiba ya 2010, kifungu cha 238, inasema tu kwamba usajili wa vyombo vya usalama uonyeshe sura ya Wakenya wote kwa uwiano wa haki. Ndiyo sababu maafisa huzunguka nchi nzima wakisajili mashinani. Hiyo ni haki ya wananchi, si zawadi ya mtu.

Sasa, milango ni zaidi ya mmoja, na wazazi wengi huichanganya. Mlango wa kwanza ni wa kurutu wa kawaida. Huyu haandiki maombi popote. Anaangalia tangazo, anaona kituo cha kaunti ndogo yake na tarehe, anafika asubuhi na mapema akiwa na kitambulisho na vyeti vyake halisi. Akifaulu, hupewa barua yake na maafisa wenyewe wakati wa zoezi hilo, mkononi mwake, kisha huenda Eldoret kufunzwa. Barua inayokuja wiki mbili baadaye kupitia kwa jirani, tupa.

Mlango wa pili ni wa kadeti, yaani yule anayefundishwa kuwa afisa katika chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru. Huyu huomba kwanza, siku hizi kwa mtandao, na majina ya walioitwa kwa mahojiano hutangazwa hadharani. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka alama ya B katika KCSE, na C+ katika hesabu na Kiingereza, pamoja na sayansi. Kwa kurutu alama inayotakiwa iko chini zaidi. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtoto mwenye B nzuri akipanga foleni ya makurutu kwa vile hakuna aliyemwambia kuna mlango mwingine. Marehemu Jenerali Francis Ogolla, mtoto wa Alego kule Siaya, aliingia jeshini 1984, mwaka uliofuata akawa afisa wa Jeshi la Angani, na 2023 akawa Mkuu wa Majeshi, kabla ya kufariki katika ajali ya helikopta Aprili 2024. Kuna pia mlango wa mafundi waliosomea kazi yao vyuoni, na hapa vijana wetu wa politekniki wasilale.

Uwanjani wanatazama nini? Umri wa kurutu umekuwa miaka 18 hadi 26. Urefu usipungue mita 1.60, yaani futi tano na inchi tatu. Uzito usipungue kilo 54.55 kwa mvulana na kilo 50 kwa msichana. Msichana asiwe mjamzito wakati wa usajili wala wakati wa mafunzo. Halafu kuna mbio, na daktari anayekagua macho, masikio, meno, nyayo na magoti. Wengi huanguka hapa, na si kwa sababu mtu kawachukia. Mtoto mwenye nyayo bapa hakukosea lolote. Ni vizuri ajue mapema, kabla nyumba nzima haijaweka matumaini yote kwake.

Na hapa ndipo dalali anapokula. Hebu tupige hesabu yake. Anachukua pesa za vijana kumi. Hampigii mtu yeyote simu, hamjui afisa yeyote. Anakaa nyumbani na kungoja. Wawili kati ya kumi wanapita kwa nguvu za miguu yao wenyewe. Hao wawili anawaambia, "Mmeona?" na pesa zao zinakuwa zake halali machoni pao. Wanane waliobaki anawaambia wakubwa walibadilisha orodha. Wachache wenye kelele anawarudishia nusu. Mwaka unaofuata wale wawili ndio wanaomtangaza kijijini. Biashara isiyo na mtaji!

Sisemi hongo ya kweli haipo. Wapo askari waliowahi kushtakiwa kwa ajili yake. Lakini kumbukeni kwamba sheria ya hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea: kifungo kinaweza kufika miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Ndiyo sababu yule mama wa Nyakach aliogopa kwenda polisi, na dalali alijua ataogopa. Tume ya maadili, EACC, ina ofisi Kisumu mjini. Anayeombwa pesa aende huko kabla hajatoa, akiwa bado na mikono safi.

Pesa ya kikundi inaweza kumsaidia mtoto kwa njia ndogo ndogo ambazo hazina mwangwi. Kitambulisho kikichelewa, nauli ya kufuatilia. Vyeti vikiwa vimezuiliwa shuleni kwa ajili ya karo, wazee wawili waende naye kwa mwalimu mkuu. Serikali imeagiza zaidi ya mara moja kwamba vyeti viachiliwe. Nakala za karatasi. Viatu vya kukimbilia, na mazoezi ya asubuhi miezi mitatu kabla, si siku tatu. Mtu wa kusoma tangazo lote, pamoja na maandishi madogo ya chini.

Akina mama wale wa Nyakach walikubaliana mwisho wa mkutano kwamba daftari lao halitaandikwa tena mkopo wa kazi yoyote isiyo na risiti. Ule mkopo wa zamani bado upo, na mama wa kijana analipa shilingi mia mbili kila Alhamisi.