Utangulizi: Watawa Waliotufundisha Kuzihoji Hati

Shirika la Mtakatifu Mauro lilianzishwa Ufaransa mwaka 1618 ili kurudisha nidhamu katika nyumba za Wabenediktini: sala, ukimya na utii kwa Kanuni. Mkuu wake wa kwanza, Grégoire Tarrisse, aliipa elimu nafasi katika maisha hayo, na katika abasia ya Saint-Germain-des-Prés, Paris, Luc d'Achery akaitunza maktaba iliyowavuta wasomi wa kila namna.

Anayeingia katika fani hii ya kuzihoji hati aanze na ubishi wa mwaka 1675. Daniel Papebroch, Mjesuiti wa Antwerpen, alitia shaka hati za kale za wafalme wa Wafaranki, zikiwamo za abasia ya Saint-Denis. Shaka hiyo iligusa ardhi, haki na heshima ya Wabenediktini, na hasira ingeeleweka. Jean Mabillon, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Mauro, hakujibu kwa hasira. Alizikagua hati kwa miaka kadhaa, na mwaka 1681 akatoa De re diplomatica, kitabu kinachoeleza namna ya kuipima hati yoyote: mwandiko wake, wino, ngozi iliyoandikiwa, muhuri, tarehe, sahihi na mtindo wa lugha. Papebroch alikisoma, akamwandikia Mabillon kumpongeza na kukubali hoja zake. Sijui mfano bora zaidi wa adabu ya kielimu: mmoja alijibu shaka kwa ushahidi, mwingine akaupokea ushahidi uliompinga.

Kazi nyingine za watawa wa Shirika hili zingejaza kabati: maandishi ya Mtakatifu Augustino, yaliyohaririwa kati ya 1679 na 1700; uchunguzi wa Bernard de Montfaucon kuhusu miandiko ya Kigiriki, 1708; historia ya fasihi ya Ufaransa, iliyoanza kuchapishwa 1733. Hata ndani ya utawa walipingwa. Abate Rancé wa La Trappe alishikilia kwamba kazi ya mtawa ni toba na jembe, si vitabu. Mabillon akamjibu mwaka 1691, kwa upole na kwa uthabiti. Naamini Mabillon alikuwa na haki.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliyafuta mashirika ya watawa mwaka 1790. Mkuu wa mwisho wa Shirika la Mtakatifu Mauro, Ambroise Chevreux, aliuawa Septemba 1792, na mwaka 1794 moto ukaiunguza maktaba ya Saint-Germain. Miswada mingi iliokolewa, na leo imo katika Maktaba ya Taifa, Paris. Msomaji asiyejua Kilatini asirudi nyuma: afungue kitabu cha Mabillon kwenye kurasa za vielelezo vya miandiko, alinganishe herufi kwa herufi, kisha aanze kuuliza.