Unataka hisa za mafuta? Anza na malori ya Lokichar

Kama ulikuwa Nakuru mwaka 2018 au 2019, huenda uliyaona kwenye barabara kuu: malori ya matangi yakitoka Lokichar, Turkana, yakipita Kitale, Eldoret na hapa kwetu, yakishuka hadi Mombasa. Yalibeba mafuta ghafi ya Kenya. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, iliuzwa kwa kampuni ya Uchina kwa dola milioni 12. Mtaani hesabu zikapigwa haraka: nchi ina mafuta, wacha tununue hisa.

Sasa sikia. Desemba 9 mwaka huohuo, hisa za Tullow Oil, kampuni iliyochimba mafuta hayo, zilianguka London kwa zaidi ya asilimia 70. Siku moja! Aliyeamka na hisa za Sh10,000 alilala na chini ya Sh3,000.

Nakuambia haya kwa sababu siku hizi unaweza kununua hisa za ng'ambo ukiwa umekaa Section 58 na simu yako. Na kampuni ndogo za mafuta zina hadithi tamu sana.

Hebu tuone zinavyofanya kazi. Kampuni kubwa kama Shell hutoa mafuta, huyasafisha na kuyauza hadi kwenye kituo cha petroli. Hizi ndogo, zisizo chini ya jitu lolote, hutafuta mafuta na kuyatoa ardhini, basi. Tullow ilianzishwa Ireland mwaka 1985. Machi 2012 ilipata mafuta kwenye kisima cha Ngamia-1, na mwaka huo hisa yake moja iliuzwa zaidi ya pauni 15.

Lakini mafuta ya Turkana yana nta. Yakipoa huganda kama Kimbo asubuhi ya baridi kule Molo. Ndiyo maana matangi ya yale malori yalitengenezwa ya kuhifadhi joto, na bomba la kwenda Lamu, zaidi ya kilomita 800, lilipangwa kuwa la kupashwa moto njia nzima. Nani alipe? Swali hilo lilikuwa bado mezani bei ya pipa iliposhuka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 Januari 2016. Na Tullow ilikuwa na madeni.

Cha kushangaza, Turkana haikuwa chanzo kikuu cha ile Desemba mbaya. Visima vya Ghana vilikuwa vikitoa mafuta kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na mafuta yaliyopatikana Guyana yakawa mazito. Wewe ukidhani umenunua Lokichar, kumbe umenunua Ghana, Guyana na deni lote pamoja.

Washirika wake wawili, TotalEnergies na Africa Oil, walijitoa Kenya 2023. Africa Oil ilikuwa imeshaingia Nigeria mwaka 2020, kwenye visima ambavyo tayari vilikuwa vinatoa mafuta. Mwaka 2025 Tullow nayo ikauza biashara yake ya Kenya kwa Gulf Energy, kwa angalau dola milioni 120, kwa awamu. Gulf Energy haiko kwenye soko la hisa, kwa hivyo hapo huna pa kuingilia.

Ukisoma ripoti za kampuni hizi, chunga maneno. Mwaka 2016 kisima cha Cheptuket-1 kule Kerio Valley kilichimbwa zaidi ya mita 3,000. Kilitoa "dalili nzuri". Dalili hazijazi tangi. Lokichar yenyewe ilikadiriwa kuwa na mapipa bilioni 2.85 ardhini, lakini yanayoweza kutolewa yakawekwa milioni 585. Anayekupigia debe atakutajia namba gani? Unajua.

Linganisha na mvuke wa Menengai, hapa juu tu. Uchimbaji ulifanywa na GDC, shirika la serikali, ndipo kampuni binafsi zikaja kujenga mitambo. Kisima kikavu kilikuwa hasara ya serikali. Kwenye mafuta, hasara hiyo hubebwa na wenye hisa, yaani wewe.

Kwa hivyo fungua ripoti ya mwaka ya kampuni. Ni bure mtandaoni. Inatoa mapipa mangapi kwa siku leo, si mwaka ujao? Deni lake linaiva lini? Mafuta yanafikaje baharini? Usipopata majibu hayo, funga simu ukanywe chai.

Kwenye soko la Nairobi utaikuta TotalEnergies Marketing Kenya. Hiyo haichimbi, inauza petroli, na bei ya juu ya petroli huwekwa na EPRA kila tarehe 14. Ni biashara nyingine kabisa.

Na yule wa WhatsApp anayesema atakununulia hisa za mafuta ukimtumia M-Pesa? Tafuta jina la kampuni yake kwenye orodha ya waliopewa leseni katika tovuti ya CMA. Kama halipo, usimtumie hata ya nauli.