Shule Zinapofungwa, Binti Yako Yuko Salama?

Kwa watoto wengi wa nchi yetu Desemba ni mwezi wa furaha. Shule zimefungwa, ndugu waliotawanyika mijini wanarudi nyumbani, na mafundi cherehani hawalali kwa wingi wa nguo za Krismasi. Lakini katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wapo wasichana wanaouogopa mwezi huu kuliko miezi yote ya mwaka. Wao wangependa shule isifungwe kabisa.

Sababu yake twaijua sote tuliozaliwa huko, ingawa huizungumza kwa sauti ya chini. Desemba ni msimu wa tohara. Wavulana hutahiriwa, na katika koo nyingi za Wakurya na baadhi ya makabila jirani, wasichana nao hukeketwa. Kwa desturi, msimu mkubwa huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wa kila ukoo hukaa, huutazama mwaka kama ni mwema, kisha hutoa kauli. Kauli ikishatoka, ngoma husikika barabarani na zawadi huanza kuandaliwa.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Serengeti. Najua kwamba kwetu kijana hamfundishi mzazi, kwa hiyo naomba akina mama mnivumilie. Sikuja kufundisha. Nataka tu tulitazame pamoja jambo moja ambalo laonekana dogo, nalo ni kalenda ya shule.

Miezi ya hatari

Mtihani wa darasa la saba hufanywa mwezi wa Septemba. Masomo ya kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo binti wa miaka 13 au 14 yuko nyumbani. Hana kengele ya asubuhi, hana kitabu cha mahudhurio, hana mwalimu wa kumwuliza mbona jana hakuonekana. Umri huo ndio hasa ambao wengi wetu huambiwa kwamba sasa tumekua. Basi msimu wa tohara humkuta binti akiwa mikononi mwa wazazi peke yao.

Baada ya kukeketwa, jamii humhesabu kuwa mtu mzima aliye tayari kuolewa. Wachumba huanza kubisha hodi. Jina lake laweza kuwa katika orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na huku ng'ombe wa mahari wameshaingia zizini. Zamani wazazi walisema hawana ada. Tangu 2016 serikali imefuta ada katika shule zake za sekondari hadi kidato cha nne. Sare na madaftari bado vinagharimu, ni kweli, lakini gharama hiyo haifanani na gharama ya kuyaharibu maisha ya mtoto.

Ndiyo maana nasema kwamba shule imetusaidia sana, lakini haiwezi kutufanyia kazi yote. Shule humlinda binti siku za masomo. Siku nyingine ni zetu.

Mama yuko katikati

Watu wa mbali husikia habari hizi wakashangaa. Huuliza, mama gani huyu anayempeleka mwanawe kukatwa? Wangekaa kijijini kwetu msimu mmoja wangeelewa kwamba mama naye amebanwa.

Msichana ambaye hakukeketwa huitwa msagane, na jina hilo si la sifa. Wenzake humcheka kisimani. Akiolewa, huambiwa bado ni mtoto, hata kama ana watoto wake. Baba naye huambiwa kwamba binti huyo hataleta ng'ombe wa kutosha. Bibi hulia kwamba ukoo unatiwa aibu. Maneno yote hayo mwishoni humwangukia mama, kwa kuwa yeye ndiye anayeambiwa kuwa hakumlea binti vizuri. Mama wa namna hii hamchukii mtoto wake. Anadhani anamtafutia heshima na ndoa njema.

Lakini akina mama, ninyi wenyewe mnaijua gharama yake kuliko mimi. Mnajua damu inavyotoka. Mnajua uchungu wa mkojo siku zile, na shida ya kujifungua inayowapata wengi baadaye kwa sababu ya makovu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba ukeketaji hauna faida yoyote ya afya, bali madhara tu. Tukiwa Wakristo tuongeze na hili: Maandiko Matakatifu yanataja tohara ya wanaume, lakini hakuna mahali yanapoagiza binti akeketwe.

Sheria inamtazama na mzazi

Wengine hudhani kwamba anayetafutwa na polisi ni ngariba peke yake. Sivyo. Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi yetu inasema kwamba mtu yeyote mwenye kumlea au kumtunza mtoto wa chini ya miaka 18, akimkeketa au akisababisha akeketwe, ametenda kosa. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na fidia kwa aliyeumizwa. Mama anayemshika binti mkono kumpeleka, na baba anayetoa amri, wote wamo.

Kuvuka mpaka kwenda kwa ndugu zetu Wakurya wa Kenya hakusaidii. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza jambo hili kwa mwanamke wa umri wowote, na inamkamata hata yule anayemleta mtu kutoka nchi nyingine ili akakeketwe huko.

Hata hivyo sheria peke yake hufanya watu wajifiche. Katika mikoa kama Singida na Dodoma wapo waliohamia kuwakeketa watoto wachanga ili wasijulikane. Hofu ya jela inaweza kumzuia mtu mkono, lakini moyo wake haujabadilika.

Waliofungua milango

Tunashukuru kwamba wapo waliowafungulia wasichana milango. Huko Masanga, wilayani Tarime, watawa wa Kanisa Katoliki wamekuwa wakiwapokea wasichana katika msimu wa tohara, wakiwafundisha na kuwaaga kwa sherehe isiyo na kisu. Mjini Mugumu, wilayani Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara. Aliyesimama mbele katika kazi hiyo ni mama Rhobi Samwelly, mwanamke wa huko huko Mara. Ameeleza hadharani jinsi alivyokeketwa akiwa mtoto na kunusurika kufa kwa kutoka damu. Mwaka 2017 alianzisha shirika lake la kuwatetea wasichana na wanawake, na nyumba nyingine ikafunguliwa Kiabakari, wilayani Butiama.

Wasichana hufika huko usiku, wengine wakiwa wametembea peku na kanga moja. Polisi nao huenda vijijini kuwachukua walio hatarini. Zamani walikuwa wakipotea njiani, maana vijiji vingi havikuwa katika ramani yoyote. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa hapa nchini na wa nchi za mbali wamekuwa wakichora ramani za vijiji hivyo kwa kompyuta na simu, ili msaada umfikie binti kabla ya alfajiri.

Msimu ukiisha, maofisa wa ustawi wa jamii na polisi hukaa na wazazi. Wanaokubali kwamba binti hatakeketwa huweka ahadi kwa maandishi, na mtoto hurudi kwao. Wanaokataa, binti wao hubaki katika nyumba salama na kusoma akiwa huko. Hebu fikiri, mama msomaji, mtoto ana baba na mama walio hai, naye analelewa na wageni kwa sababu kwao si salama!

Dalili njema zipo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha 28. Maji yanapungua kisimani, lakini polepole.

Tufanye nini?

Kwanza, tuzungumze mapema. Mama asingoje ngoma ilie. Mwezi wa Septemba, binti akimaliza mtihani, baba na mama wakae pamoja naye na kumwambia wazi kwamba hatakeketwa. Neno hilo likitoka kwa baba, bibi na shangazi watalisikia.

Pili, vikundi vya akina mama makanisani viwakusanye wasichana katika miezi hiyo. Kushona, kusoma, kwaya, bustani, lolote litakalowaweka pamoja na kuonekana. Binti anayeonekana kila siku, akikosekana siku moja atatafutwa.

Tatu, tuwalee wavulana wetu. Kijana akisema mbele ya wazee kwamba yeye yuko tayari kuoa msichana ambaye hakukeketwa, amevunja nusu ya hoja yao. Wavulana wa shule wanaweza kulisema hilo, nasi tuwatie moyo walisema kwa sauti.

Nne, tuwaheshimu wazee wa mila na kuzungumza nao. Wao ndio wanaotoa kauli. Tuwaombe wabaki na baraka, ngoma na zawadi, na waache kisu.

Tano, ukisikia binti wa jirani yuko hatarini, usiseme si wangu. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, mchungaji au padri, au kituo cha polisi kilicho karibu.

Nyumba salama za Masanga, Mugumu na Kiabakari ni baraka kubwa, tena zinahitaji msaada wetu wa chakula, nguo na sala. Lakini haziwezi kuwapokea mabinti wote wa wilaya mbili, wala hazikujengwa kuchukua nafasi ya wazazi. Nyumba salama ya kwanza ya binti ni ile aliyozaliwa. Ufunguo wake uko kwa baba yake na kwako wewe, mama.