Moyo wa Mgonjwa na Dawa Yake



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, leo tutazungumza juu ya jambo linalotokea katika nyumba nyingi zenye wagonjwa. Mtu hunywa kitu kisichokuwa na dawa ndani yake, na kwa kweli akapata nafuu. Wako wasemao kwamba huo ni uzushi mtupu, na wako waifanyao nafuu hiyo kuwa hoja ya kila tiba. Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Mwanachuoni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitoa mfano wa ubao. Ubao ukilazwa chini, mtu hupita juu yake bila ya taabu. Ubao ule ule ukiwekwa juu ya shimo refu, miguu humtetemeka na pengine akaanguka, na hali upana wa ubao haukupungua. Lililobadilika ni lile lipitalo moyoni mwake.

Baadaye watu walilipima jambo hili. Mwaka 1796 tabibu wa Marekani, Elisha Perkins, alisajili vijiti viwili vya madini vya kupitishwa juu ya ngozi ili kuondoa maumivu, navyo vikauzwa kwa bei kubwa. Mwaka 1799, katika mji wa Bath, Uingereza, daktari John Haygarth akatengeneza vijiti vya mbao vilivyofanana na vile, akavitumia kwa wagonjwa watano wa baridi yabisi. Wanne wakasema wamepata nafuu.

Je, walisema uongo? Hasha. Mwaka 1978 wataalamu wa San Francisco waliwachunguza watu waliong'olewa meno. Baadhi yao walitulia kwa sindano isiyo na dawa ya maumivu. Lakini walipopewa dawa izuiayo kazi ya afyuni mwilini, maumivu yalizidi. Ikadhihirika kwamba mwili wenyewe, kwa kutarajia nafuu, hutoa vitu vyake vya kutuliza maumivu. Madaktari huiita dawa tupu ya namna hiyo plasibo, neno la Kilatini lenye maana ya "nitaridhisha".

Sasa tutege masikio vizuri, kwani hapa ndipo watu wanapoangamia. Mwaka 2011, huko Boston, wagonjwa wa pumu walipewa kwa zamu dawa halisi ya kuvuta, dawa tupu ya kuvuta, na tiba ya sindano ya kuigiza. Na kuna siku hawakupewa kitu. Walipoulizwa, walisema dawa tupu imewapa nafuu karibu sawa na dawa halisi. Lakini mapafu yao yalipopimwa, dawa halisi ilikuwa imeongeza nguvu ya pumzi kwa asilimia 20, na dawa tupu kwa asilimia 7 tu, sawa na siku ambayo hawakupewa kitu. Kifua kilikuwa kimebana vile vile, naye mwenye kifua anasema hajambo.

Mwaka huo huo maelfu ya watu, na Waislamu wakiwamo, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wako wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao za hospitali kwa kujiona wamepona. Virusi havisikii matumaini ya mtu. Wala tusiwacheke wenzetu, kwa kuwa nasi tunalo kombe la zafarani, na wako miongoni mwetu wanaomwambia mgonjwa wa sukari aache sindano yake maadamu amekunywa kombe. Dua ni ibada, na anayemzuia mgonjwa kuombewa amekosa adabu. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tujitibu, na alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Mgonjwa anayejisikia vizuri na arudi kupimwa damu, kifua au makohozi, kabla ya kuacha kidonge hata kimoja.

Basi na anayekwenda kumzuru mgonjwa autazame ulimi wake. Moyo unaotuliza maumivu kwa kutarajia nafuu huyazidisha kwa kutarajia shari. Ukikaa kitandani pake ukaanza kuwahesabu waliokufa kwa ugonjwa kama wake, au ukamnong'oneza mkewe kwamba huyu haioni Ramadhani, naye masikio yake ni mazima, umemwachia maumivu ya usiku kucha. Mpe salamu, muombee, umuulize kama dawa ya jioni ameshakunywa, kisha umwache apumzike.